Chano Kilichokwenda Bodo

Aliingia bila hodi. Nilikuwa nimekaa uani kwangu hapa Msambweni, miguu nimeinyoosha juu ya mkeka, nachambua mchicha, mara nikaona kivuli kimenisimamia. Mwanamke mtu mzima, buibui limejaa vumbi la njia, amepakata mzigo uliofunikwa kwa kanga. Nikamaka. "Ala! Na wewe ni nani unayeingia nyumba za watu kama unaingia kwako?" Wanaonijua wanajua, magoti yamezeeka lakini ulimi bado. Mgeni alipiga goti, akanipa shikamoo, nikaitikia marahaba kwa kinyongo, ndipo akasema, "Mimi Mwanatumu, mama mdogo. Binti yake Nimwaka wa Bodo. Mama ametutoka, leo siku ya kumi na tisa." Halafu akaifunua ile kanga. Palikuwa na chano, sinia la mti la kuandalia chakula, limechakaa ukingoni, na juu yake kawa la ukindu la kufunikia. Rangi yake ya zambarau ilikuwa imepauka ikawa kama maji ya kuoshea kunde, na ile nyekundu ilikuwa haionekani ila kwa anayejua pa kuitazama. Mimi nilijua. Mstari wa nne kutoka juu ulikwenda mrama, ukapanda ulipotakiwa kushuka, kwa sababu niliyeusuka nilikuwa na miaka kumi na saba na sikutaka kufumua nianze upya. Mchicha ulinidondoka mkononi. Kawa lile nililisuka mimi, na mara ya mwisho kuliona ilikuwa mwaka wa Uhuru.

Ya kuzaliwa kwangu na ya ukoo wangu sitayaeleza, hayana faida hapa. Nitaeleza mwaka ule mmoja, na nitauanzia jikoni kwa Bi Kibibi, mzee wa mtaa wetu, maana ndiko tulikofundwa kazi za mikono, mimi na rafiki yangu Nimwaka. Jiko lenyewe lilikuwa la udongo, limeezekwa makuti, lina mlango mmoja na tundu la moshi, na kuta zake zilikuwa nyeusi hata ukiegemea unatoka na alama mgongoni. Humo tulijifunza kukaanga njugu, kupika kashata za nazi, kukausha maembe mabichi kwa chumvi na pilipili, kuchoma korosho bila kuunguzwa mikono na mafuta ya ganda lake. Tukishamaliza kupika, tulihamia barazani tukasuka. Bi Kibibi hakuwa mtu wa kununua zawadi. Ndugu akizaa, anapelekewa chakula cha kumtia nguvu katika chombo kizuri. Rafiki akiolewa, anasukiwa mkeka. Kijana akihitimu chuoni, anashonewa kofia ya mkono, hata ikichukua miezi sita. "Cha dukani hata mtu asiyekupenda atakuletea," alikuwa akisema, sindano imo mdomoni. Siku hizi mjukuu wangu yuko Ukunda, anatengeneza vitu vivi hivi, ufuta na njugu na asali, anavitia kwenye vikaratasi vya kung'aa na kuwauzia watu wa mahoteli, na anaviita vitafunio vya afya. Nilipomwambia kwamba zamani vilikuwa haviuzwi, vilikuwa vinapelekwa tu, alinitazama kwa huruma. Simlaumu. Tabia ya kupeleka ina shida zake, na mimi ni shahidi.

Shida yenyewe ni hii. Kwetu, chombo kilicholeta chakula hakirudishwi kitupu. Ukiletewa sahani ya vitumbua, sahani hiyo itarudi kwa mwenyewe na kitu, hata kama ni ndizi mbili, hata kama ni konzi ya chumvi. Hakuna aliyetufundisha kwa maneno, tuliona tu mama zetu wakifanya. Mtu aliyerudisha sahani tupu alikuwa amekutukana, na mtu ambaye hakurudisha kabisa, huyo tulikuwa hatuna hata jina la kumpa.

Tulikuwa tukitwanga pamoja, kinu kimoja, michi miwili, wangu ukishuka wake unapanda. Mchi wa Nimwaka ulikuwa sawasawa, huusikii kuchoka. Wangu ulikuwa na kilema. Kila nikipiga mara mbili, ya tatu ilikuwa lazima nigonge ukingo, ko! Sijui ni kwa nini, hata leo nikishika mchi ndivyo ninavyofanya. Bi Kibibi alikuwa akinikemea, "Mejumaa, kinu kimekukosea nini hata ukipige makofi?" Nimwaka alikuwa akicheka mpaka anaweka mchi chini. "Mwacheni, Bi Kibibi. Mimi hata nikiwa kisimani najua kama ni yeye atwangaye."

Aliolewa Bodo mwaka mmoja kabla ya Uhuru. Siku ya harusi yake nilikuwa nyuma ya nyumba naosha mchele, nikawasikia wanawake wawili wa kwao bwana harusi wakinong'ona. Mmoja alisema, "Msichana mzuri, lakini kwa mavyaa yule! Funguo zote za nyumba anazifunga kiunoni, hata ya kabati la chumvi." Mwenzake akajibu, "Atazoea. Sisi tulizoea." Nilicheka peke yangu, nikamwona huyo mama mkwe na shada la funguo kiunoni akilia kama kengele kila anapotembea. Nilikuwa nacheka sana wakati ule. Sikumwambia Nimwaka niliyoyasikia, na mimi mwenyewe nikayasahau, nikaja kuyakumbuka yakiwa hayana kazi tena.

Masika ya mwaka wa Uhuru zikaja habari kwamba amejifungua mtoto wa kike. Nilifurahi kama nimezaa mimi. Ukindu niliuchemsha mwenyewe kwa rangi ya dukani, zambarau na nyekundu, nikauanika juu ya paa la banda la kuku, nikasuka kawa siku baada ya siku mpaka vidole vikatoka sugu. Chano nilipewa na Bi Kibibi mkono kwa mkono. Kilikuwa chake tangu usichana wake, cha mti wa mwembe, na aliponikabidhi alisema, "Hiki sikukupa ukiweke. Nimekupa kiende na kurudi." Halafu nikapika kashata za mzazi. Ufuta niliuosha, nikauanika, nikaukaanga kwenye kikaango cha udongo mpaka ukaanza kuruka, nikautwanga kidogo tu usije ukatoa mafuta. Asali ilikuwa ya watu wa upande wa Taru, waliokuwa wakishuka nayo kwenye vibuyu, nyeusi, ina harufu ya moshi. Sukari sikutia hata chembe. Nilitia hiliki, pilipili manga, na tangawizi nyingi kupita kiasi, maana Nimwaka alikuwa akiipenda, na mzazi anahitaji joto la tumbo. Nikazikata vipande vya pembe nne, nikavipanga, nikafunika kawa, nikafunga yote kwa kitambaa. Mtoto wa kike sikuweza kujiendea Bodo peke yangu. Nilimpa Bwana Salimu, muuza kaa wa baharini, aliyekuwa akija na baiskeli yake mara mbili kwa wiki kutoka huko. Aliporudi nilimkimbilia njiani. "Umefikisha?" "Nimefikisha, binti yangu. Wamepokea, wameshukuru sana."

Wamepokea. Neno hilo nimelitafuna miaka sitini. Sikumuuliza ni nani hao. Kwangu mimi Bodo ilikuwa na mtu mmoja tu.

Nikakaa kungoja. Arobaini ya mtoto ikafika, ikapita. Kila Bwana Salimu akija nilimpa shikamoo, nikazunguka upande wa kikapu cha nyuma nikachungulia, nikaona kaa na magunia. "Hukupewa kitu?" "Sikupewa kitu." Mara ya kwanza nilisema mtoto anamsumbua. Mara ya pili nilisema labda anasubiri apate cha kutia. Mara ya tano nilikuwa sisemi kitu, nimevimba. Nilijua kuvimba mimi, hakuna aliyenipita mtaa mzima. Nikaanza kujiambia kwamba ameolewa na mtu mwenye mashua, amekuwa mke wa watu, kashata za Mejumaa na kawa lenye mstari ulioharibika ni vya nini kwake? Bi Kibibi aliniuliza mara moja tu. "Chano kimerudi?" Nikasema bado. Hakuuliza tena, na kule kutouliza kwake kuliniuma kuliko maneno.

Hapo ndipo Uhuru ukakaribia. Mtaa wetu uliambiwa kwamba wageni watakuja kutoka Kwale, na kila nyumba itoe chano cha vitafunio, kazi ya mikono, si biskuti. Wanawake walikusanyika barazani kugawana nani apike nini. Kaimati, visheti, mkate wa kumimina, mimi nikapewa kashata za ufuta kwa sababu sifa zangu zilikuwa zimeenea. Akasema mmoja wao, mwanamke mcheshi, "Mejumaa atatumia kile chano cha mwembe cha Bi Kibibi, kinapendeza." Nikasema kwamba chano kiko Bodo. "Tangu masika?" Tangu masika. Yule mcheshi akapiga makofi. "Basi wenzetu wa Bodo wametutangulia! Sisi twangoja kujitawala, wao wameshajitwalia!" Baraza zima likaangua kicheko. Uso uliniwaka. Nilitafuta neno la kuwarudishia, nikalipata, na Mungu anisamehe, nilijiona hodari kwa kulipata upesi. Nilisema, "Mwambieni Nimwaka akishamaliza kula chano, na kawa pia alitafune, lina ladha ya zambarau." Wakacheka zaidi. Bwana Salimu alikuwa amesimama pale na kaa wake, akicheka pia, machozi yakimtoka. Nilimwona. Nilijua anakolala ni Bodo, na bado nikalirudia neno lile mara ya pili, kwa sauti.

Siku mbili kabla ya sherehe nilikuwa peke yangu nyumbani. Mama na wengine wote walikuwa wamekwenda kufagia uwanja na kufunga makuti kwenye milango ya mapambo. Jua lilikuwa la utosini. Nilikuwa jikoni natwanga ufuta wa wageni, nao utatiwa kwenye sinia la bati la kuazima, na kila nikilikumbuka sinia lile nilikuwa naupiga mchi kwa hasira. Mbili, ko! Mbili, ko! Mara nikasikia, "Hodi."

Nilimjua kwa silabi mbili. Nikauzuia mchi katikati, nikaushika kwa mikono miwili usiguse kitu. Ukuta wa jiko ulikuwa na ufa, nikatia jicho. Alikuwa amesimama nje ya ua, miguu myekundu kwa vumbi mpaka magotini, amekuja kwa miguu njia yote ya miwa. Mtoto alikuwa mgongoni, amelala, kichwa kimening'inia. Kichwani mwake mwenyewe alikuwa na furushi. Alikuwa amekonda, hilo nililiona, sitasema kwamba sikuliona. Lakini jicho langu lilikuwa linatafuta chano, na furushi lile lilikuwa laini, la nguo, halikuwa na umbo la chano. Nikajisemea moyoni, amekuja mikono mitupu! Amekula changu masika yote na kiangazi chote, halafu anakuja kunikabili mikono mitupu.

"Hodi, Mejumaa."

Nikakaza mchi. Nilikuwa na picha kamili kichwani mwangu ya namna ninavyotaka mambo yawe. Atakwenda zake, ataona haya, kesho atarudi na chano kimejaa, tena wakati wanawake wote wapo, nami nitamkaribisha kwa madaha, nitamsamehe mbele yao, tutacheka, tutatwanga pamoja. Hilo ndilo nililolitaka, wallahi, sikutaka kingine. Nilitaka aje mara moja zaidi.

Hodi ya tatu ilikuwa ya chini sana, karibu siisikie. Mtoto akaamka akakohoa. Nimwaka alisimama pale, mkono mmoja ameushika mlango wa ua, akiutazama mlango wa jiko moja kwa moja, ikawa kama ananitazama machoni, ingawa hakuweza kuniona. Kwetu ni hodi tatu. Usipoitikiwa unakwenda. Akageuka, akalirekebisha furushi kichwani, akaondoka. Nilingoja mpaka nikahesabu mia moja, ndipo nikaendelea kutwanga.

Kesho yake hakuja. Siku ya sherehe hakuja. Ngoma zilipigwa, bendera ikapanda, watoto wakaimba, wageni wa Kwale wakazisifu kashata zangu wakanibandika jina la fundi. Nilikuwa nikitazama upande wa njia ya Bodo kila mwanamke mwenye mtoto mgongoni alipotokea. Baada ya hapo nami niliolewa, nikazaa, nikazika. Tulionana na Nimwaka mara tatu katika miaka yote hiyo, zote matangani, katikati ya watu, tukapeana ncha za vidole na kuulizana hali. Mara zote tatu nilikuwa na la kusema na sikulisema. Nilikuwa nangoja aanze yeye, maana chano kilikuwa changu.

Sasa Mwanatumu alikuwa mbele yangu, ameketi juu ya mkeka, mwanamke mwenye mvi zake, akinieleza taratibu, kwa heshima, kana kwamba ni mimi niliyefiwa. Chano kilipokelewa na bibi yake, yule mavyaa wa Nimwaka, ndiye aliyekuwa mlangoni. Kashata akawagawia binti zake mwenyewe. Mzazi alipata vipande vitatu vilivyogandia chini, alivibandua kwa kucha. Chano Nimwaka akakificha chini ya kitanda kisije kikafanywa cha kulishia kuku. "Alitaka kukurudishia, mama mdogo. Lakini ufuta ulikuwa chini ya ufunguo, asali chini ya ufunguo, hata chumvi. Akaona haya kukirudisha kitupu. Alisema, Mejumaa nitamtukanaje namna hiyo? Basi akawa anangoja apate."

"Siku moja alitoka," akaendelea. "Walimpiga, akafunga nguo zake akanibeba mgongoni, akaja huku. Wazazi wake walikuwa wameshafariki. Alisema alikuwa na mahali pamoja tu pa kufikia. Chano alikiacha, alikuwa anakimbia, hakukumbuka. Akafika, akakuta nyumba haina mtu. Akarudi."

Akarudi, akakaa kwa wale watu, akafia humo. Nilimuuliza maisha yake yalikuwaje, na Mwanatumu alitazama mikono yake akasema, "Alizoea."

Alisukuma chano karibu yangu akaondoa kawa. Kashata za ufuta, za pembe nne, zimepangwa. Alisema mama yake alimwelekeza kitandani namna ya kuzipika, wiki mbili kabla ya kukata roho: sukari usitie, asali iwe nyeusi, tangawizi mpaka useme imezidi. Nimwaka alijifunza kwa vile vipande vitatu. Daktari amenikataza vitu vitamu, nina kisukari. Nilichukua kipande nikatia mdomoni. Kilikuwa changu. Kila kitu kilikuwa changu, hata kosa la tangawizi. Nikalia mbele ya mtoto wa watu, kamasi zikanitoka.

Ningeweza kunyamaza hapo. Lakini nilikuwa na uoga wa kizee, nilitaka nisikie kwamba Nimwaka amekufa akiamini nyumba ilikuwa tupu. Nikasema, "Siku ile, mwanangu, siku ile aliyokuja, nadhani sote tulikuwa uwanjani. Palikuwa na kazi nyingi za sherehe. Nadhani hapakuwa na mtu."

"Ndivyo alivyotuambia," akasema Mwanatumu. "Kwamba hapakuwa na mtu." Akakunja kanga yake mara mbili, mara nne, akaiweka mapajani. Hakunitazama. "Ila tukiwa jikoni naye, nikitwanga, alikuwa akiniambia, usigonge ukingo. Namjua mtu mmoja agongaye ukingo. Utamsikia toka mbali, halafu ukifika humsikii tena."

Kuku alipita uani akidonoa mchicha wangu na sikumfukuza. Nikashika neno la kwanza lililokuwa karibu, lile la ukali, maana ndilo nililolizoea. Nikasema, "Na wewe mwanangu, mtu mzima hivyo, mbona umeingia bila hodi?"

Akaniambia kwa upole, "Aliniagiza, mama mdogo. Alisema, ukifika kwa Mejumaa usipige hodi. Ukipiga hodi atanyamaza. Wewe ingia tu."